Siku Mama Alipoigizwa

Mpaka leo nikialikwa kwenye mchezo wa kuigiza wa kuelimisha jamii, huchagua kiti cha karibu na mlango. Wanaonialika hudhani ni miguu inanisumbua, nami huwaacha wadhani hivyo. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Nimewatungia watoto ngonjera za vyoo, za kupanda miti, za kisomo cha watu wazima, na sikuwahi kuwaruhusu waigize mtu yeyote anayeishi mahali pale tulipo. Walimu wenzangu walinong'ona kwamba nina roho ngumu, kwamba naua vipaji vya watoto. Wanong'one. Roho yangu ilikuwa laini kama ya mtu mwingine yeyote mpaka siku moja kwenye uwanja wa mpira wa kijiji chetu, mchana kweupe, watu wakicheka huku wameshika mbavu.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Kilikuwa kusini ya Ujiji, ufukweni, mahali ambapo zamani palikuwa na michikichi na vibanda vya wavuvi tu. Ilipokuja operesheni ya vijiji, malori yalileta watu kutoka kila upande. Sisi tulitolewa pembezoni mwa Ujiji pamoja na nyumba chache za ukoo wetu, watu ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka Kongo wakauzoea mji. Wengi zaidi walikuwa Waha walioteremshwa kutoka milimani, huko juu kupita Kidahwe, wakulima wa maharage na ndizi ambao baadhi yao hawakuwahi kutia mguu ziwani. Tuligawiwa viwanja kwa mstari, mlango ukitazamana na mlango. Jirani yetu wa kulia, mzee wa Kiha mwenye wajukuu wengi, alimsalimu mama kwa kupiga makofi taratibu na maneno marefu ya Kiha. Mama alimjibu kwa Kiswahili cha Ujiji huku mikono imejaa magamba ya samaki. Waliheshimiana sana, lakini hakuna aliyejua mwenzake huchekeshwa na nini.

Mama alikuwa akianika dagaa. Utotoni alivunjika mguu wa kushoto, ukaungwa vibaya, basi akitembea aliurusha pembeni kidogo kabla ya kuukanyagia. Alishinda juani na fimbo ya kufukuza kunguru, akizungumza nao. Aliwaita wajumbe, kwa sababu walifika bila kualikwa, walikula, na hawakufanya kazi. Maneno hayo aliyasema chinichini maana wajumbe halisi walipita hapo kila siku. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu mkimya, mwenye nundu za lami kwenye vidole kutokana na kuziba nyufa za mbao. Mama akisema kitu cha kuchekesha, baba alitabasamu akiwa ameuma misumari mdomoni.

Aliyeweza kumjibu mama alikuwa mmoja tu, binamu yake, mtoto wa shangazi yake, ambaye mimi nilimwita mjomba. Kwetu mabinamu ni watani, na wale wawili waliufanya utani kama kazi ya pili. Hawakuamkiana hata siku moja. Mjomba akirudi kuvua alisimama mbele ya nyumba na kuuliza kwa sauti kama yule kiguru bado yuko hai. Mama alijibu kwamba yuko hai, anamsubiri yeye atangulie ili arithi koti lake. Lilikuwa koti la kaki lililochakaa viwikoni, na mjomba alilivaa hata kwenye jua kali.

Utani una sheria yake, ingawa haijaandikwa popote. Mtani akikusingizia jambo, hukatai. Unalikubali, tena unaliongeza. Akikuita mwizi unasema ndiyo, na hilo shati ulilovaa ni langu, nilikuibia juzi ukaniibia jana. Anayekataa ndiye anayeonekana ana kisirani. Na mtu akifa, mtani wake huvaa nguo za marehemu siku ya kuanua tanga, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka waliofiwa wacheke huku machozi yanatiririka. Katika kazi hiyo mjomba hakuwa na mpinzani. Nimemwona akimrudisha bibi yangu uani kwa kukohoa tu, kikohozi kilekile, na mama yangu akajiviringisha mkekani kwa kicheko siku ambayo alfajiri yake alikuwa hataki hata kunywa maji.

Kipindupindu kilipoingia, kilipita kwanza kwenye nyumba za waliotoka milimani. Huko kwao walichota maji ya chemchemi wakayanywa vivyo hivyo, na hapa walichota ziwani wakafanya vilevile, karibu na mahali watu walipojisaidia. Bwana afya wa kijiji, kijana kutoka mkoa wa mbali, aligeuza ghala la mazao kuwa kambi ya wagonjwa. Kamba ilizungushwa na chokaa ikamwagwa. Aliyeingia humo hakutembelewa, na aliyefia humo alizikwa na watu wa kambi, hakuoshwa na nduguze, na matanga yalipigwa marufuku. Ndipo watu wakaanza kuficha wagonjwa wao. Walifichwa kwenye mashamba ya muhogo, walifichwa darini, na mzee mmoja alifichwa chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Waliowaficha waliugua, na waliowauguza hao wakaugua pia.

Hapo ndipo afisa utamaduni alipokuja kutoka mjini. Sina neno baya la kusema juu yake, ingawa nimelitafuta sana. Alikuwa mtu wa maana, mwenye baiskeli na soksi ndefu, na aliamini kwamba watu waliochoka na hotuba wataelewa wakiona. Aliunda kikundi cha maigizo akakifanyia mazoezi kwenye darasa letu baada ya masomo. Sisi watoto tulichungulia dirishani. Aliwaambia waigizaji wasitunge mtu wa hewani, kila mmoja achukue mtu anayemfahamu, mwendo wake na sauti yake, maana watazamaji wakimtambua watajitambua. Mchezo ulihitaji mwanamke anayemficha mume wake mgonjwa. Wanawake wote walikataa nafasi hiyo, akapewa mjomba.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote na nasema bila kusita kwamba mjomba alishika adabu. Angemwigiza mke wa mtu mwingine, lingekuwa tusi, na pengine angepigwa. Katika kijiji kizima cha wageni alikuwepo mwanamke mmoja tu ambaye yeye alikuwa na haki ya kumcheka mbele za watu. Akamchukua huyo. Alikuja hata kuazima kanga yake, naye mama akampa iliyotoboka, akamwambia iliyo nzima hailingani na uso wake.

Siku ya mchezo baba alikuwa amelala. Homa ilimshika tangu jana yake, alitetemeka, akatoka jasho, akameza klorokwini akazitapika. Mimi ndiye niliyemwaga beseni na kufua shuka, kwa hiyo nasema ninachokijua: tumbo lake lilikuwa zima. Ilikuwa malaria ileile iliyomshika kila masika. Mama alisita kumwacha, lakini baba alimwambia aende, asipoenda binamu yake atamtangaza Kigoma nzima kwamba anaona haya. Tukaenda. Mama alikaa mbele, chini, mguu wake mbovu ameunyoosha.

Mjomba alipotoka nyuma ya pazia la gunia, sisi wa Ujiji tuliangua kicheko kabla hajasema neno. Alikuwa mama. Mguu uliruka pembeni vilevile, fimbo ya kunguru mkononi, kanga ile iliyotoboka. Nyuma yake mwigizaji mwingine alilala chini ya gunia la dagaa, miguu imetokeza nje. Aliyeigiza bwana afya akaja akauliza habari za mgonjwa. Mjomba akaweka kiganja juu ya macho kama anayetazama mbali ziwani, akachungulia ndani ya chungu, akachungulia kwapani mwake, akageukia watazamaji na kuuliza kwa sauti nyembamba:

"Jamani, mume wangu yuko wapi?"

Watoto tulipiga kelele tukionyesha miguu. Yeye akawa hatuoni. Akauliza tena, safari hii akimtazama mama moja kwa moja, jicho moja amelikonyeza. Mtani alikuwa ameuliza. Mama hakuwa na njia nyingine, wala hakuitaka. Aliinuka kwa mguu wake ule, akashika kiuno, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumbwi:

"Yuko ndani kwangu, nimemficha. Njoni mumchukue kama mnamtaka."

Sisi wa Ujiji tulicheka mpaka tukalala mchangani. Mjomba mwenyewe alishindwa kuendelea, akageuka akaficha uso kwa kanga. Nilitazama upande wa pili wa uwanja ili nione nao wanavyofurahi. Waha walikuwa wamenyamaza. Mzee jirani yetu alikuwa akimtazama mama kwa uso wa huruma na woga, naye akawavuta wajukuu zake karibu. Pembeni, kwenye benchi la wageni, bwana afya hakuwa anacheka pia.

Asubuhi alikuja na mgambo. Mama alimwambia ule ulikuwa utani. Bwana afya hakuwa mjinga. Alisema hata kwao utani upo, lakini kwenye ugonjwa huu hakuna utani, na akaomba kwa heshima apishwe mlangoni. Nyuma ya pazia alimkuta mwanamume amelala na beseni la matapishi. Baada ya hapo maneno ya mama yalikuwa ya nini tena? Jirani aliulizwa, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba alisikia kwa masikio yake, mama mwenyewe alikiri mbele ya kijiji. Hakusema uongo. Mjomba alikuja mbio kutoka ufukweni, nyavu bado begani, akaapa kwamba yote aliyatunga yeye. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kuona kwamba ndugu wanafichiana. Dagaa wote wa mama walimwagiwa dawa na kuchomwa. Kunguru walikaa juu ya paa wakitazama.

Baba walimbeba kwenye kitanda chake cha kamba. Alikuwa na nafuu kidogo asubuhi ile, aliweza hata kuketi. Hakubishana. Aliponipita alisema nimwambie mama asiuache ule mtumbwi wa watu juani, aufunike makuti, mbao zitapasuka. Nikaufunika.

Ghala lilikuwa na wagonjwa wengi, wamelala wamebanana, ndoo baina yao. Tuliweka chakula kando ya kamba tukarudi nyuma, mtu wa kambi akakichukua. Siku za kwanza baba alijitokeza mlangoni, akatupungia mkono, na mama aliniambia umeona, homa imekwisha, watamtoa. Kisha hakujitokeza tena. Walipotuambia kwamba amefariki walitaja ugonjwa ule, na sina shaka kwamba ndio uliomuua. Alikwenda kuupata kulekule. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia, na ninayo mpaka sasa. Bwana afya alifanya kazi yake. Jirani alisema kweli. Afisa utamaduni alitaka watu wapone. Mjomba alishika adabu, na mama alijibu kama mtani anavyojibu.

Walimzika jioni, nasi tukasimama mbali juu ya kichuguu. Tuliona watu, hatukuona maiti. Nguo zake zilichomwa pamoja na kitanda. Hakukuwa na matanga.

Mjomba alikuja kesho yake. Kwa desturi alikuwa na kazi ya kufanya nyumbani kwetu, maana mume wa mtani wake alikuwa shemeji yake, naye alikuwa amtembeze baba uani kwa mara ya mwisho, na misumari mdomoni. Lakini hakukuwa na shati la kuvaa, wala hata kiatu. Alisimama mlangoni na koti lake, mikono haina pa kwenda. Akajaribu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kiguru bado yuko hai. Mama alikuwa akipepeta muhogo. Aliweka ungo chini, akainama kidogo, akasema:

"Shikamoo kaka."

Sijawahi kusikia tusi kubwa kuliko hilo. Mjomba alisimama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Hakuitikia. Aliondoka, na tangu siku hiyo mama alimwamkia kila walipokutana, kisimani, dukani, njiani, kwa adabu ile ile iliyonyooka, mpaka mjomba akaanza kupita njia ya nyuma. Nilitamani amtukane tu yaishe.

Sitasema mchezo haukufaa. Watu walianza kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa, wagonjwa wakapelekwa kambini mapema, na wengi wao walirudi nyumbani. Mzee jirani aliniambia mwenyewe, akiwa amenishika mikono, kwamba wajukuu zake wako hai kwa sababu ya siku ile ya uwanjani. Nilimjibu namshukuru Mungu. Nilimaanisha, lakini baadaye niliingia ndani nikalia, na sikujua nalilia lipi.

Kikundi kilisifiwa. Kilichukuliwa kuonyesha mchezo sokoni Mwanga, mjini Kigoma, kisha kikapanda boti kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Mwamgongo. Mjomba alikataa kuigiza tena, akabaki na nyavu zake. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana mwingine ambaye hakuwahi kumjua mama, naye akauchukua ule mguu pamoja na maneno, kwa kuwa ndio uliochekesha. Kutoka kwake wakauchukua wengine. Miaka baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mbali na nyumbani, wanachuo wenzangu waliigiza mchezo wa kipindupindu. Akatoka msichana amejifunga kanga, akirusha mguu wa kushoto pembeni kabla ya kuukanyagia, akaweka kiganja juu ya macho. Nilimuuliza baadaye mbona anachechemea. Akasema ndivyo anavyochezwa yule mama, hata yeye alifundishwa hivyo.

Sikumwambia mama. Alikuwa bado anaanika dagaa, bado ana fimbo, lakini kunguru hakuzungumza nao tena. Aliwafukuza tu.

Mjomba alifariki akiwa mzee, kwa ugonjwa wa kawaida, nyumbani kwake, akaoshwa na kuzikwa kama mtu. Nilisafiri na mama kwenda kwenye matanga. Alikaa na wanawake uani siku zote za msiba, akimenya ndizi na kuosha vyombo. Wanawake wa makamo walimtazama kwa pembe za macho, maana mtani mkubwa wa marehemu alikuwa yeye, na siku ya kuanua tanga ilikuwa inakuja, na wote walijua walivyoishi. Nami nilijua. Asubuhi ya siku hiyo niliomba moyoni aseme anaumwa turudi nyumbani.

Walipomaliza dua na kula, mke wa marehemu alitoka chumbani na lile koti la kaki. Aliliweka mkekani mbele ya mama akarudi mahali pake. Mama alilitazama kwa muda, kisha akalivaa. Lilimfika magotini.

Alianza na mwendo wa mjomba, mabega juu, anavyorudi kuvua, akapuliza pua kama yeye. Watu wakatabasamu, mjane akacheka akishika kifua. Nikadhani amemsamehe, na kwamba jambo linaishia pale, kwenye koti, kama alivyokuwa akilisubiri zamani.

Kisha mama akachukua kanga akaifunga juu ya koti. Akaanza kutembea anavyotembea mjomba akimwigiza yeye. Mguu ambao alikuwa nao maisha yake yote alilazimika kuutia chumvi, kuurusha mbali zaidi, kama ulivyorushwa uwanjani. Akaweka kiganja juu ya macho. Akachungulia kwenye sufuria, akachungulia kwapani, akafunua ncha ya mkeka. Wasichana waliokuwa wakitumikia walicheka kwa sauti, kwa kuwa mchezo huo waliujua shuleni. Hawakujua wanamcheka nani. Wazee waliinamisha vichwa.

"Jamani," alisema, kwa ile sauti nyembamba, "mume wangu yuko wapi?"

Akauliza tena, akimgeukia mmoja mmoja, mimi pia. Swali la mtani hujibiwa na mtani wake, na wake ndiye tuliyekuwa tumemzika. Mama alisimama katikati ya uani na koti la marehemu, kiganja bado juu ya macho, akalisubiri jibu mpaka wale wasichana wakaacha kucheka.